Mkasi wa kunyolea wa laki na nusu: nichukue upi?

Kinyozi wa Ngamiani
Wakuu habari zenu. Nina banda langu la kunyoa hapa Tanga, Ngamiani. Kazi yangu miaka yote ni mashine, wembe na piko. Siku hizi wameanza kuja wateja wenye nywele laini, Wahindi na Waarabu wa hapahapa mjini, na hawataki mashine ipande juu ya masikio. Wanataka mkasi na kitana. Mkasi nilionao niliuokota duka la vipodozi. Nywele zinauteleza, nyingine unazitafuna tu.

Nimetenga laki na nusu. Kariakoo nimeonyeshwa miwili. Wa kwanza inchi 5.5, unameta, umeandikwa chuma cha Japani. Wa pili inchi 7, hauna mbwembwe, ubapa mmoja una vijimeno vidogo sana, na muuzaji anasema ni chuma cha 440C. Mke wangu anasuka upande wa pili wa banda, kwa hiyo tutautumia wote. Natanguliza shukrani.

Dogo wa Mashine
Laki na nusu kwa mkasi? Mimi hiyo nanunua mashine na chenji inabaki ya chipsi mayai.

Bi Magomeni
Mdogo wangu, mwache huyo na chipsi zake. Mimi nimeshika mkasi tangu enzi za kalikiti, nisikilize.

Chukua wa inchi 7. Kazi ya kitana inataka ubapa mrefu, ukate mstari mzima kwa mkupuo, la sivyo utamwachia mteja ngazi kichwani. Hivyo vijimeno vimewekwa makusudi, vinashika unywele usikimbilie nchani. Kwa mtu anayetoka kwenye mashine, na kwa nywele za namna hiyo, ndivyo unavyovihitaji. Ule unaometa, kama kweli makali yake yamechongwa kwa mbinuko, ni wa kutelezesha kwenye nywele za kike. Mtamu sana, lakini ukikosea kuunoa mara moja umekwisha.

Maandishi ya Japani yasikupagawishe. Chuma kinaweza kutoka Japani na mkasi ukafuliwa kwingine kabisa. Mikasi mingi ya bei zetu inatoka Sialkot, Pakistani, na kule kuna mafundi wa kweli na kuna wanaolipua kazi. Wewe uliza aina ya chuma. 440C iliyopikwa vizuri hufika 58 hadi 60 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, inatosha kabisa kwa kinyozi. Ukiambiwa ule wa laki na nusu ni VG-10, chuma cha Japani cha bei ya juu zaidi, urudishe mezani taratibu, uage.

Kabla hujatoa hela, shika pete moja, inua nyingine mpaka mkasi ufanye msalaba, kisha achia. Ubapa ushuke wenyewe na usimame ukiwa umebakiza kama theluthi kufunga. Ukijifunga wote, skrubu imelegea na nywele zitakunjika katikati. Ukigoma kushuka, umekazwa mno, kidole gumba kitakulipia jioni. Skrubu iwe ya kukaza kwa mkono. Halafu omba tishu, iloweshe, kata kwa ncha tupu. Ikivutwa badala ya kukatika, makali ya nchani hayapo, hata muuzaji akuapie.

Sasa la mkeo ndilo linaloniuma. Rasta za kusukia ni plastiki, na plastiki inamaliza makali kuliko nywele yoyote ya binadamu. Mnunulie wake wa elfu tano, muufunge utepe mwekundu, na wako asiuguse hata kwa kukata uzi. Na yule fundi wa kunoa anayepita na baiskeli, anakanyaga jiwe linatoa cheche, mpe visu vya jikoni. Moto wa lile jiwe unalainisha chuma, na vijimeno vyote vinaondoka siku hiyohiyo. Muulize muuzaji nani ananoa mikasi ya saluni. Akibabaika, nenda duka la jirani.

Kinyozi wa Ngamiani
Dada ubarikiwe. Swali moja: mimi kila mteja akitoka natumbukiza vifaa kwenye maji ya Jik. Na mkasi nao?

Bi Magomeni
Hapana! Klorini inakula hata chuma kisichoshika kutu. Utaona vidoa vidogo karibu na skrubu, baadaye vinahamia kwenye makali. Futa nywele kwanza, pitisha spiriti ya asilimia 70, uache ukauke. Jioni tone moja la mafuta ya mashine kwenye skrubu, fungua na kufunga, ufute uchafu mweusi unaotoka.

Fundi wa Mbwa, Nairobi
Niongeze kidogo kutoka upande wa wanyama. Mimi hunyoa mbwa, mikasi yangu ni ya inchi 8 na mingine imepinda, ya kuzungushia miguu ya poodle. Usishawishike kununua ya mbwa kwa sababu ni mirefu, juu ya sikio la mtu itakusumbua. Lakini kitu kimoja ni sawa kwetu sote: vumbi. Mbwa asiyeoshwa huua makali asubuhi moja. Kama una wateja wanaotoka kwenye simiti na mchanga, waoshe kichwa kwanza, hata kama hawalipii.

Kinyozi wa Ngamiani
Wapo, tena wengi, wa pale bandarini. Asante kaka. Mke wangu naye kausoma uzi huu, kanuna kwa ule wa elfu tano. Anasema kama ni hivyo basi nimtafutie wa mashoto, maana yeye anatumia kushoto na kila mkasi unamuumiza gumba.

Bi Magomeni
Ana haki, na huo si wa elfu tano tena. Mkono wa kushoto ukishika mkasi wa kulia, bapa zinasukumana kuachana badala ya kubanana, ndiyo maana anakaza gumba. Kuwa mwangalifu, kuna iliyogeuzwa pete tu, bapa zimebaki vilevile. Ushike mbele yako ncha zikiangalia juu, ufungue: ubapa ulio upande wako uelekee kushoto. Ukielekea kulia, ni uleule wa kawaida. Mwambie aende mwenyewe dukani, usimchagulie.