Jeki ya chupa, ya gereji au Hi-Lift? Ya kuinulia 4WD nyumbani

Mtu wa Kigamboni:
Wakuu habari za jioni. Nataka kununua jeki yangu ya nyumbani, nimechoka kumbembeleza fundi kila kikitokea kitu kidogo. Kariakoo nimeona tatu, ya chupa tani 5, ile ndefu ya gereji yenye matairi tani 2, na Hi-Lift, ile ya mhimili mrefu wa chuma wenye matundu, wanayofunga nyuma ya gari za porini. Bajeti laki tatu. Nibebe ipi? Gari ni four wheel.

Spana17:
Four wheel gani mkuu? Hata RAV4 ni four wheel. Na unainulia kwenye zege au mchanga? Unafungua tairi tu au unaingia uvunguni? Weka nyama bwana.

Bi Chuma:
Ya gereji, tena usiulize mara mbili. Ila usiangalie tani peke yake, angalia kimo. Hizi za bei rahisi nyingi zinaishia sentimita thelathini na kitu, sasa ukiliinua gari refu kwa kwenye chesisi, bodi inapanda weee ekseli imebaki inaning'inia, jeki imefika mwisho na tairi bado limekaa chini. Inua kwa kwenye ekseli karibu na tairi lenyewe, hapo hata kimo kidogo kinatosha.

Land Rover Damu:
Hi-Lift inchi 48. Inainua, inavuta gari kwenye tope, hata nguzo ya uzio inang'oa. Hizo nyingine ni za wenye magari madogo ya saluni.

Spana17:
@Land Rover Damu wewe una Defender yenye bampa la chuma. Huyu akiwa na gari la bampa la plastiki anaikita wapi? Na huo mkono wa Hi-Lift ukikuponyoka wakati unashusha unapanda na kushuka wenyewe kwa kasi, taya halina spea. Halafu mzigo ukipungua chini ya kilo kama 70 haishuki hatua kwa hatua tena, inaporomoka tu.

Babu Difu:
Vijana mnabishana jeki, mimi niwaambie nililoona Tabata kwa jirani. Jamaa ana Land Rover 110, ua wake una kamteremko hivi hata maji ya mvua hayatuami, kavuta hendibreki mpaka mwisho, kaweka jeki ya chupa chini ya ekseli ya nyuma, kigingi hakuna wala jiwe. Nikamwambia bwana weka hata gogo akasema mzee hendibreki ni mpya hii. Tairi limeachia ardhi tu, gari likaanza kutembea mdogo mdogo, jeki ikalala, ekseli ikashuka pembeni ya tairi la spea alilokuwa kalitanguliza chini na hilo ndilo lililomwokoa mguu. Sababu ni kwamba hendibreki ya Land Rover zile haishiki matairi, inashika propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kule kwenye transfa, boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu matairi mawili yazunguke tofauti, inaliacha lizunguke hewani na lile lililobaki chini linaviringika upande wa pili. Ndiyo maana wenye akili wanafunga difulock kwanza ili ekseli ya mbele na ya nyuma zishikane, halafu vigingi mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini.

Land Rover Damu:
Hilo sio kosa la gari mzee, ni la mwenye gari.

Kamau_4x4:
Boss hakuna mtu amesema ni kosa la gari. Lakini hata hizi automatic watu wanaamini P, ile ya kupaki, sana. P inashika shafti ndani ya gearbox, si magurudumu, so mchezo wa difu ni ule ule.

Mtu wa Kigamboni:
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni Prado 95, ua ni mchanga mtupu. Nataka kubadilisha shokapu za nyuma mwenyewe.

Bi Chuma:
Sasa hapo ungeanza nalo! Jeki ya gereji kwenye mchanga haiviringiki, inazama. Chukua ya chupa, uweke ubao mpana mgumu chini yake. Na nunua stendi mbili, vile vyuma vya kuegemeza gari likishainuliwa, zikae kwenye chesisi, jeki ibaki kushikilia ekseli. Ukifungua shokapu zote mbili ekseli ikashuka kienyeji, mpira wa breki unavutika na springi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake.

Spana17:
Stendi nazo ubao chini. Na sio tofali, la saruji linapasuka ghafla halikupi hata taarifa.

Mdau wa Ohio:
Stendi zenyewe zikagueni meno yanayoshikilia kimo. Huku Marekani mwaka 2020 Harbor Freight, maduka ya zana, waliita zirudishwe stendi zao za tani 3 na tani 6 kwa sababu meno yalikuwa hayashiki sawasawa. Ukishaweka gari juu lisukume kidogo kabla hujaingia.

Land Rover Damu:
Shokapu weka Old Man Emu uachane na Kayaba.

Kamau_4x4:
KYB, hiyo Kayaba, ya lami iko sawa kabisa, hiyo Emu ni ya nini kama anaenda tu kazini na kurudi?

Land Rover Damu:
Kigamboni unaita lami? Umewahi kufika wewe?

Babu Difu:
Mmeanza.

Mtu wa Kigamboni:
Jamani stendi Kariakoo wanauza moja moja au lazima jozi?