UZI: Chinatown ya Bangkok (Yaowarat) kwa miguu mchana kweupe. Umekula nini, umekutana na nini? Tupeane uzoefu

Mzee wa Pratunam
Wakuu salaam. Kuna mtu kanitumia video ya lile karai kubwa la njugu za Kichina zinazogeuzwa kwenye kokoto nyeusi, moshi unatoka, nikaacha kazi nikakaa tu. Mnaofuata nguo Bangkok mnaijua ile siku ya kusubiri mzigo upimwe na kufungwa. Huna la kufanya, chumba kimekuchosha, hela imebaki ya kula. Siku hiyo mimi hupanda treni ya chini ya ardhi hadi stesheni ya Wat Mangkon, natoka juu saa mbili asubuhi, narudi jua likizama. Stesheni yenyewe ilifunguliwa 2019. Kabla ya hapo tulikuwa tunashukia Hua Lamphong tunakata mguu, au tunakuja na boti hadi gati la Ratchawong.

Uzi huu ni wa MCHANA. Usiku wa Yaowarat kila mtu ana picha zake, taa nyekundu na foleni, tumeziona sana. Naanza mimi: supu ya tambi zilizojikunja, ile yenye pilipili manga hadi pua inafunguka, ndani maini na vipande vya kitimoto vilivyokaangwa vikakauka, ukitafuna vinalia. Nimemaliza, endeleeni.

Ustadh Kibonge
Umefungua uzi kwa haramu. Hongera sana.

Mzee wa Pratunam
Ustadh, nimesema nilichokula mimi, sijakukaribisha mezani.

Chaza wa Tanga
Tusidanganyane, mchana kule hakuna kitu. Nilifika saa saba, jua la Aprili, vibanda vingi vimefungwa, nikaambulia juisi ya komamanga na jasho. Yaowarat ni saa kumi na mbili jioni kwenda mbele.

mama_Shaz
Saa saba mchana wa Aprili unatafuta nini barabarani, hata hapo Tanga? Chakula cha asubuhi kiko uchochoroni, soko la Talat Mai, siyo kwenye barabara kubwa. Ukifika saa tatu unakuta bata wananing'inia, ngisi wakavu, kamba wakavu, uyoga wa kila namna kwenye magunia. Na kuna vile viandazi vya kukaanga, vinaunganishwa viwili viwili, unachovya kwenye maziwa mazito ya kopo. Nilikula nimesimama, nyuma yangu pikipiki inapiga honi nipishe, na sikupisha.

Mchana mchana wanaanza kukunja na kumwaga maji sakafuni. Halafu Jumatatu usiende, wauzaji wengi wa barabarani hawatoki.

Kaka Mkubwa
Naunga mkono, Jumatatu ni kiwingu.

Ustadh Kibonge
Kwa Waislamu wenzangu mnaosoma: tatizo si nyama tu, ni mafuta. Hata ile chaza ya kukaangwa na mayai wengine wanakaangia mafuta ya nguruwe. Tafuteni vibendera vya njano vyenye maandishi mekundu. Hicho ni chakula chao cha mfungo, hakina nyama, hakina yai, hata kitunguu saumu hawatii, na pombe hairuhusiwi. Mwezi wa tisa au wa kumi wana sikukuu yake ya siku tisa, Yaowarat nzima inageuka njano, unakula mchana kutwa bila kuuliza.

Chaza wa Tanga
Chakula kisichokuwa na kitunguu saumu unakilaje?

Ustadh Kibonge
Kwa mdomo.

Nuhu wa Magomeni
Au nenda msikiti wa Haroon, Charoen Krung Soi 36. Mwendo kidogo kutoka Chinatown lakini ni njia iliyonyooka. Swali Ijumaa, kula ukitoka, maisha yaendelee.

Kipepeo wa Muscat
Jamani mimi uzi huu umenirudisha mbali, maana Sampeng, kile kichochoro cha maduka hapo Chinatown, kilinipotezea mama.

Sisi wa Muscat tunaijua Bangkok kwa hospitali, nguo baadaye. Mama ana matatizo ya magoti. Vipimo vimekwisha, majibu kesho, akasema hawezi kushinda kitandani (daktari kasema apumzike, lakini nani amwambie mama). Anataka vitambaa. Nikampeleka Phahurat, mtaa wa Wahindi, tukanywa chai ya maziwa na sambusa karibu na lile hekalu la Makalasinga lenye kuba la dhahabu, akachangamka. Ukivuka barabara tu umeingia Sampeng. Kichochoro ukinyoosha mikono unagusa maduka ya pande zote mbili, na humo humo inapita mikokoteni ya chuma imejaa marobota, pikipiki, muuza matunda na toroli lake, watu kifua kwa mgongo. Nikasimama kuulizia shanga. Kugeuka, mama hayupo.

Simu yake iko hotelini inachaji. Lugha anazo mbili, Kiswahili na Kiarabu, basi. Kadi ya hoteli iko kwenye mkoba wangu mimi. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, naita, sauti yangu mwenyewe siisikii. Kijana wa mkokoteni ananifokea nipishe njia, mimi nalia. Nikatoa picha yake kwenye simu nikawa namwonyesha kila mwenye duka. Wengi wanatikisa kichwa. Muuza riboni mmoja akaitazama vizuri, akainuka, akatembea hatua mbili akichechemea vile vile anavyochechemea mama yangu, akanyoosha kidole kulia.

Kulia kuna kichochoro chembamba kuliko kile. Duka la viungo na dawa za mizizi. Mama amekalishwa kwenye kigoda cha plastiki, mguu mbovu umewekwa juu ya boksi, mkononi kikombe cha chai, na mbele yake mwenye duka, bibi wa Kichina wa rika lake. Wanabishana! Mama ameshika karafuu, anaibana kwa ukucha, anamsogezea yule bibi usoni aone: haitoi mafuta. Huyu anasema Kiswahili, yule anasema lugha yake, na wanaelewana kabisa. Bibi akaingia ndani akatoa mfuko mwingine. Mama akabana, akanusa, akakubali. Ndipo akaniona. "Ulikuwa wapi wewe? Watu wanakungoja hapa."

Tumerudi Muscat na robo kilo ya karafuu. Mama yangu ni wa Wete, Pemba. Karafuu kanunua Bangkok.

Mjukuu wa Chake
Shikamoo bi mkubwa 😂😂 Mpemba hapotei, anakagua maghala.

mama_Shaz
Pole dada. Mimi hapo kwenye mkokoteni tumbo lilinikata. Mzee ukitoka naye mwekee kadi ya hoteli mfukoni mwake, na upande wa pili waandike kwa Kithai.

Chifu Mkopi
Hivi hao Wachina wamefikaje hadi wakajaza mtaa mzima? Maana tunaona Kariakoo inakoelekea.

Mzee wa Pratunam
Hawakuvamia. Walikuwa wanakaa pale ilipo ikulu ya zamani. Mfalme Rama wa Kwanza alipoanzisha Bangkok 1782 akataka eneo lile, wakahamishiwa Sampeng. Barabara ya Yaowarat yenyewe ilikuja kuchongwa baadaye, miaka ya 1890. Na Kariakoo ifungulie uzi wake, usituletee siasa kwenye chakula.

Chifu Mkopi
Nimeuliza tu, mbona unawaka.

Mirerani Msafi
Naomba niwape kisa, ila msiniite mwongo.

Mimi ni mtu wa mawe, nilikuwa natoka Chanthaburi kwenye soko la vito, nimebakiza siku Bangkok. Nikasema niende Wat Traimit, pale mwanzo wa Chinatown, nikaone ile sanamu ya Buddha ya dhahabu ya tani 5.5. Historia yake tamu: ilifunikwa plasta miaka na miaka, hakuna aliyejua kilichomo, hadi 1955 wanaihamisha kamba zikakatika, ikadondoka, plasta ikabanduka. Mtu wa madini unaipitaje hiyo?

Kabla sijafika getini akanisimamisha mzee nadhifu, shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni. Hekalu limefungwa mpaka saa nane, anasema, watawa wana ibada. Lakini leo una bahati, kuna bajaji za serikali, baht 20 unazungushwa mji mzima. Na bajaji hiyo hapo, injini inanguruma. Nikajua ni nini. Nikapanda makusudi, nataka kuona watanipeleka kwa nani.

Duka la vito, bila shaka. Baridi ya kipupwe, mlango wa kioo unafunguliwa kwa kitufe kilichoko kaunta. Dada akaniletea soda, akatandika kitambaa cheusi, akaweka jiwe la bluu. "Tanzanaiti. Kutoka Afrika. Mgodi umekwisha, haipatikani tena." Nikaomba nisogee dirishani. Nikaligeuza hivi, bluu. Nikaligeuza vile, bluu. Nikalilaza, bluu ile ile. Wenzangu mnaojua, tanzanaiti ukiizungusha lazima upande mmoja ikupe bluu na mwingine zambarau. Kile kilikuwa kipande cha chupa. Nikatoa pasi ya kusafiria, nikamfungulia ukurasa wa mahali pa kuzaliwa, nikamwambia mgodi haujakwisha, jana nimeongea nao kwenye simu.

Soda ikaondolewa mezani. Akaja bwana mmoja kipande cha mtu, akasimama kati yangu na mlango. Mimi nikapiga 1155, polisi wa watalii, nikaweka sauti ya nje. Kitufe kikabonyezwa, mlango ukafunguka wenyewe.

Nje bajaji hakuna. Nimerudi kwa miguu jua la utosi, na hekalu nikalikuta wazi, watu tele. Njiani nimekula wali wa kuku na mchuzi wa tangawizi, baht 60. Nimeweka na chakula ili mwenye uzi asilalamike.

Kaka Mkubwa
Hii chai imezidi sukari.

Wanjala wa Grogan
Ukurasa wa mahali pa kuzaliwa 😂 wacha bwana!

Tajiri Mtarajiwa
Mkuu Mirerani, Chanthaburi gramu inakwenda bei gani? Na unahitaji kibali gani kutoka na mawe?

Mirerani Msafi
Njoo faragha.

Tajiri Mtarajiwa
Nimekuja, hujajibu.

Dalali wa Arusha
Na mimi niko faragha.

Mzee wa Pratunam
Jamani uzi ni wa CHAKULA.

Pwani Mchangani
Turudi basi. Mimi sikula, mimi niliduwaa. Barabarani Yaowarat kuna maduka yana mitungi mikubwa ya kioo, nikasogea nikaona majongoo bahari. Yamekauka, meusi, yamepangwa kwa ukubwa, na bei iliyobandikwa nilirudia kuisoma. Pembeni mapezi ya papa yametandazwa kwenye kabati lenye taa. Baba yangu aliyazamia majongoo haya tangu mimi mdogo, kwetu hayaliwi, tunachemsha, tunaanika, anakuja mtu anachukua. Nilisimama pale hadi mwenye duka akatoka kuniuliza nataka kilo ngapi.

Mbele kidogo nikakuta toroli la doriani na shokishoki. Hapo nikawa nyumbani. Wabara walikuwa wameziba pua.

Wanjala wa Grogan
Hiyo doriani mimi niliibeba hadi hotelini, nikaambiwa nilipe faini. Kumbe kuna picha yake pale mlangoni imepigwa mstari mwekundu. Kwenye treni ndiyo kabisa, usijaribu. Ila hamjataja Talat Noi. Ukimaliza Chinatown teremka upande wa mtoni. Mtaa mzima ni spea, injini za zamani zimerundikwa hadi ukutani, mafuta meusi sakafuni, fundi wa Nairobi anaweza kulia kwa furaha. Watalii wanapiga picha na kigari cha Fiat kilichooza kutu. Kuna pia nyumba ya kale ya Kichina, So Heng Tai, wenyewe wamechimba bwawa la kufundishia kuzamia katikati ya ua. Unanunua kinywaji, unakaa kivulini, unaangalia watu waliovaa mitungi ya hewa wakizama uani kwa mtu.

Pwani Mchangani
Doriani inaliwa pale pale kwenye toroli. Halafu nawa kwa maji uliyoyatia kwenye ganda lake, harufu inapungua. Na pombe usichanganye, wenyewe wanaogopa.

Chaza wa Tanga
Vipi barafu? Mimi naambiwa usiguse.

mama_Shaz
Ile yenye tundu katikati ni ya kiwandani, kunywa.

Kaka Mkubwa
Usinywe yoyote. Nilikunywa yenye tundu, nikakaa chooni hadi mzigo ukaondoka bila mimi.

mama_Shaz
Si barafu hiyo, ni roho yako. Ulikula nini kabla?

Kaka Mkubwa
Sitaji.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Dhahabu je? Naona maduka mekundu yamejaa, kuna anayejua?

Dalali wa Arusha
Dhahabu yao ni asilimia 96.5, iko juu ya karati 22 yetu. Kipimo chao kinaitwa baht pia, ni kama gramu 15.2, usije ukakichanganya na hela. Bei ya siku imebandikwa ukutani na ni ile ile mtaa mzima, unachoweza kubishania ni gharama ya ufundi. Chukua risiti. Na kwa bajaji ya baht 20 usiende, umesikia yaliyomkuta mwenzio.

Mgeni Njiani
Ndiyo nasoma sasa, naondoka wiki ijayo. Hivi vibanda wanapokea malipo ya simu?

Mzee wa Pratunam
Wanapokea, ila ni mfumo wao wa benki za kwao, wewe msimbo wa QR utauangalia tu. Beba keshi, noti za 20 na 50. Ukimpa mama wa viandazi noti ya 1,000 asubuhi anakununia.

Tajiri Mtarajiwa
Mirerani bado hujajibu faragha.