Jiko banifu linachemsha chai tu, wali unarudi kwenye seredani

FundiWete: Asalaam aleikum. Natengeneza majiko banifu ya makaa hapa Wete, Pemba: nje bati, ndani udongo uliochomwa, mdomo mwembamba. Watu wananunua na wanasifu, lakini ikifika magharibi seredani, lile jiko la makaa la zamani lenye moto mpana, ndiyo inayowaka uani. Kwenye mafunzo tuliambiwa tuwaelimishe kina mama, wakijua faida watabadilika. Wanajua, yakhe! Wananihesabia wenyewe gunia linavyokawia kuisha. Nimeambiwa nitazame nadharia za jamii. Kuna aliyezitumia kubuni kitu?

Mtunguu: Anza na Elizabeth Shove, mwanasosholojia wa Uingereza. Mwaka 2010 aliwakosoa wanaodhani ukimbadilisha mtu mtazamo, tabia itafuata yenyewe. Mwaka 2012, yeye na wenzake wakaeleza kwamba shughuli ya kila siku inashikwa na vitu vitatu: vyombo, ujuzi na maana. Kwa hiyo usimuulize mtu anaonaje misitu inayokatwa kwa ajili ya makaa. Omba ukae jikoni kwake, utazame mikono.

BiMkubwa: Mwanangu, mikono yangu hii hapa. Wali ukishakauka naupalia, makaa yanapanda juu ya kifuniko na chini yanabaki machache. Mdomo wa jiko lako ni mwembamba, koleo nalipitisha wapi? Mkate wa ufuta ndiyo usiseme. Ukishashika chunguni nakipindua chungu, uso wa mkate uangalie makaa, ndipo uive juu. Seredani ina moto mpana. Kwako chungu kinaziba mdomo na moto unakufa. Na mwezi wa Ramadhani, nimpelekee jirani mkate mweupe juu? Msitu wa Ngezi naupenda, lakini maneno ya jirani nayaogopa zaidi.

Mtunguu: Hapo vyote vitatu vimo, FundiWete: chungu na koleo ndivyo vyombo, kupalia ndiyo ujuzi, na heshima mbele ya jirani ndiyo maana. Na hiyo ya jirani hakuna semina itakayoiondoa.

Kijana_Darajani: Si wanunue gesi tu, yaishe?

FundiWete: Gesi ina makaa ya kupalia? Kwetu mtungi upo, na seredani ipo pembeni yake. Bi Mkubwa, ahsante sana. Nikikata kijilango ubavuni cha kutolea makaa, na juu nikaweka vigingi vitatu vya kukinyanyua chungu kinapopinduliwa?

BiMkubwa: Vigingi viwe vifupi, mkate usije ukawa mbali na moto. Kijilango kiwe na kifuniko chake, la sivyo upepo utayala makaa yote. Na mikono ya jiko irefushe, ile ya sasa inaunguza.