Sufuria ya loshoro inatoboka vitundu na chakula kina ladha ya chuma, naombeni ushauri

MamaWaLoshoro
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Mimi nauza loshoro (mahindi yenye maziwa mgando) na makande hapa sokoni Kilombero, Arusha, huu mwaka wa sita, na siku zote natumia sufuria za alumini zile kubwa. Sasa tangu mwezi wa nne hivi ile ninayolazia loshoro imeanza kutoa vitundu chini kama imechomwa sindano, ndani imekuwa nyeusi, mahali pengine kuna unga mweupe, na kibaya zaidi wateja wawili wa siku zote wameniambia loshoro ya asubuhi ina ladha ya chuma. Nimeonja mwenyewe, ni kweli ipo. Roho inaniuma maana wengine wanakuja kula na watoto. Nimeambiwa ninunue stenlesi ila bei ya dukani imenishtua, na kuna fundi amesema ataziba vitundu kwa vipande vya shaba niendelee na kazi. Naombeni ushauri wa kweli, hii ndo riziki yangu na wanangu.

kijana_wa_sakina
Pole sana mama. Ukienda kununua stenlesi beba sumaku, hata ile ya spika mbovu, ikinasa tu ujue ni feki usinunue.

FundiUngaLtd
Kijana hapo sio kweli yote. Stenlesi ziko nyingi. Ile nzuri ya jikoni ni 304, mara nyingi chini wameandika 18/8, maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, hiyo kweli hainasi sumaku. Lakini 430 inanasa na ni stenlesi halali kabisa, haina nikeli tu, kwaiyo ukiiachia chumvi muda mrefu inaweza kuota madoa ya kutu. Alafu kuna 201, nikeli wamepunguza wakaongeza manganizi ili iwe rahisi, nayo hainasi sumaku, kwaiyo ukitegemea sumaku utauziwa 201 kwa bei ya 304 na utatoka dukani unafurahi.

Mama, mimi kazi yangu ni kuchomelea, hilo la shaba likatae. Shaba na alumini zikigusana ndani ya kitu chenye chumvi zinakuwa kama betri na anayeliwa ni alumini. Ataziba leo, baada ya muda pembeni ya kiraka patatoboka pakubwa kuliko mwanzo. Kama ni lazima azibe, atumie riveti ya alumini. Nikuulize, kuna chuma chochote kinalala ndani ya hiyo sufuria?

MamaWaLoshoro
Asante mwanangu. Upawa tu. Nilinunua upawa wa stenlesi mwezi wa tatu, zamani nilikuwa na mwiko wa mti. Huwa nauacha humo humo mpaka asubuhi, nafunika.

FundiUngaLtd
Basi betri yenyewe ndo hiyo mama! Stenlesi na alumini ni yale yale. Mwezi wa tatu umeweka upawa, mwezi wa nne vitundu.

MwalimuMstaafu_Tengeru
Marahaba mama. Fundi amesema vizuri, mimi niongeze kwa sababu nimefundisha kemia miaka mingi na jambo hili la sufuria linanigusa, watu wanaliwa vyombo vyao bila kujua.

Alumini yenyewe ni metali yenye hasira sana, kinachoituliza ni ngozi nyembamba ya oksaidi inayojiotesha mara tu inapogusa hewa. Huioni kwa macho. Ngozi hiyo inakaa salama kwenye kitu chenye pH (kipimo cha uchachu, 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni upande wa magadi) ya kuanzia 4 mpaka 8 na nusu hivi. Maziwa freshi yako 6 na nusu na kidogo, ndiyo maana keni za maziwa wanatengeneza kwa alumini na hazina neno. Mgando uliochacha unashuka mpaka 4 na kitu, yaani uko ukingoni, ukilala usiku mzima pamoja na chumvi (chumvi ndiyo inayotoboa ngozi hiyo hapa na pale, ndiyo vile vitundu vya sindano) basi alumini inaanza kutoka. Sasa nikuulize mambo mawili: unasugulia nini, na mahindi unayaivishaje?

MamaWaLoshoro
Nasugua kwa majivu na stili waya mpaka ing'ae mwalimu, mama yangu alinifundisha sufuria isiyong'aa ni aibu. Mahindi nachemsha na magadi kidogo yaive haraka, humo humo.

MwalimuMstaafu_Tengeru
Nilijua. Mgando uko ukingoni, lakini maji ya majivu yanapita 10, yameshavuka mbali upande wa pili. Magadi yale ya Natron nayo ni ya upande huo huo. Vyote viwili vinayeyusha ngozi ya alumini, na ule weusi unaouona mwingi unatokana na hapo. Kila jioni unaivua nguo, alafu unaimwagia mgando na chumvi na kuiwekea upawa. Mama yako alikufundisha usafi na hakukosea, ila ule mng'ao ni alumini iliyobaki uchi.

Kuhusu afya usipoteze usingizi, alumini ya kwenye chakula mwili unachukua kidogo sana na figo zinaitoa, wa kujihadhari zaidi ni wenye figo mbovu. Lakini hiyo iliyotoboka iache.

neema_wa_moshi
Samahani naomba kudandia, mimi niko Moshi, Mbuyuni tunapata zile nzito za kusubu, pilau haishiki chini kabisa. Hizo vipi?

MwalimuMstaafu_Tengeru
Binti yangu, hizo ndizo zinazonitia hofu kuliko ya mama. Zinayeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu, pistoni, injini, chochote kilichopatikana, na risasi (ile metali yenye sumu, Wazungu wanaita lead) inaweza kuchanganyika humo. Utafiti wa Kameruni uliochapishwa 2014 ulikuta risasi ikitoka kwenye masufuria ya namna hiyo na kuingia kwenye kimiminika chenye uchachu. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Nyanya, ndimu, mgando, usipikie humo.

FundiUngaLtd
Mama usinunue stenlesi ya kupikia, hela itapotea bure. Alumini inapitisha joto karibu mara 15 kuliko stenlesi, kwenye mkaa sufuria nyembamba ya stenlesi itaunguza mahindi katikati. Endelea kupikia alumini bila magadi, loweka mahindi toka jana yake. Stenlesi nunua ndoo moja tu yenye mfuniko, ya kulazia. Au ndoo ya plastiki ya chakula, ila subiri loshoro ipoe kwanza.

koko_wa_Ngaramtoni
Wajukuu zangu, sisi mgando tuliuweka kwenye kibuyu na haukuwahi kuwa na ladha ya chuma.

MamaWaLoshoro
MREJESHO wapendwa. Wiki ya tatu sasa. Mahindi naloweka, mgando natia asubuhi hapo hapo mezani badala ya kulaza nao, naosha kwa sabuni na sponji tu. Sufuria mpya imeanza kufifia rangi, jirani yangu ameniuliza kama naumwa, nikamweleza yote akaenda kuutoa upawa kwenye sufuria yake ya maharage. Yule mteja wa kwanza alirudi jana na mtoto wake, wamekula bakuli mbili. Ya zamani imekaa hapa nje na vitundu vyake, mwalimu naweza kupandia sukuma?

MwalimuMstaafu_Tengeru
Pandia mama, maji yatapitia humo humo.