C, Rust au Ada: ipi itatupunguzia hitilafu?

Mleta mada:
Programu yetu hupokea vipimo kutoka kwenye vihisi na kuvituma kwenye seva, nayo inatakiwa ifanye kazi miezi mingi bila kuzimwa. Imeandikwa kwa lugha ya programu ya C. Je, tukihamia lugha ya Rust au Ada itaaminika zaidi, au lililo muhimu ni umakini wa waandishi wake?

Mchangiaji wa 1:
Umakini peke yake hautoshi. Kasoro ya Heartbleed, iliyogunduliwa mwaka 2014 katika OpenSSL, maktaba ya msimbo wa kulinda mawasiliano ya mtandao iliyoandikwa kwa C, ilitokana na kutohakikiwa kwa urefu uliotajwa na mtumaji wa ujumbe, hivyo mtu aliye mbali aliweza kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi. Walioandika msimbo huo hawakuwa wanagenzi. Rust huisimamisha programu inapojaribu kuvuka mpaka wa safu (orodha ya data kwenye kumbukumbu), na kompaila yake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, hukataa kabisa msimbo wa kawaida (usiowekwa alama ya “unsafe”) unaogusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa.

Mchangiaji wa 2:
Ni kweli, ila tusiipe lugha sifa isiyo yake. Roketi ya Ariane 5 iliangamia chini ya dakika moja baada ya kuruka, tarehe 4 Juni 1996, ilhali programu iliyofeli iliandikwa kwa Ada, ambayo ni kali kuliko C. Namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, haikuenea. Kosa likagunduliwa, lakini hapakuwa na msimbo wa kulishughulikia, na kompyuta za uelekezaji, ile ya akiba na ile kuu, zikajizima. Msimbo huo ulirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo kasi yake ya mlalo haikufikia kiwango hicho. Hakuna kompaila ambayo ingejua kwamba roketi imebadilika.

Mchangiaji wa 3:
Msiisahau lugha ya Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu. Programu yake hugawanywa katika michakato midogo; mmoja ukianguka, mchakato unaousimamia huuanzisha upya, na mingine huendelea.

Mleta mada:
Nawashukuru, ndugu zangu. Kifaa chetu kina kumbukumbu ndogo, kwa hiyo Erlang tutaifikiria upande wa seva tu. Sehemu inayochambua ujumbe wa mtandao tutaiandika upya kwa Rust, kwa kuwa ndiyo inayopokea data tusiyoiamini. Kabla ya hapo tutaorodhesha viwango tunavyodhani kila kihisi hakivuki, kisha tuvivuke kwa makusudi katika majaribio.