Tupeane uzoefu: chakula cha shule kinachorudi nyumbani vile vile kilivyoondoka

MamaKitindamimba
Wazazi wenzangu habari za jioni. Leo nimefungua begi la mwanangu nikakuta kontena limejaa vile vile nilivyolipanga alfajiri, kijiko hata hakijaloa, nikakaa pale pale jikoni nikalia. Yuko darasa la kwanza. Wiki tatu nzima nimebadilisha kila kitu, wali na kuku, mkate na yai, viazi, karoti nikazikata nyota, naamka saa kumi na moja, kinarudi. Nikimuuliza anasema sikusikia njaa, halafu akifika nyumbani anakula mpaka anasahau kuvua viatu. Nikawaza labda mapishi yangu mabaya, labda anaumwa, baba yake akasema mchape atakula. Leo ndo nikamwambia hebu tukae mezani, hapa ni darasani na mimi ni mwenzio wa dawati, fungua tule. Jamani. Mtoto akavuta, akavuta, akalibana kifuani, akauma kifuniko kwa meno, akaliweka chini akaniangalia machozi yanamlenga. HAWEZI KUFUNGUA. Zile klipu nne za pembeni hata mimi nazifungua kwa nguvu ya kidole gumba. Wiki tatu mtoto wangu amekaa anakitazama chakula, anaona aibu kumwomba mwalimu. Naombeni mnaofungia watoto mniambie, mnaweka nini na mnafungaje?

Shangazi_Mpole
Hapo kwa aibu umenitonesha kidonda. Pole sana mama.

Baba_Pacha
Ya kwangu ilikuwa yai. Wale wawili walikuwa wanapenda yai la kuchemsha kuliko kitu chochote, nyumbani wanagombania, basi nikawa nawafungia kila siku nikijua nimemaliza kazi. Muhula wa pili wakaanza kurudi nayo. Mmoja akaniambia baba usituwekee tena, nikambana sana kujua kwa nini, kumbe wakifungua darasa zima linaziba pua na wamepewa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Nikajifunza mambo mawili. La kwanza, yai likichemka kupita kiasi kiini kinazungukwa na rangi ya kijani na harufu inazidi, mimi nilikuwa naliacha linachemka huku navaa, sasa hivi dakika 10 natoa naliweka kwenye maji baridi. La pili, hata lisiponuka nimeacha kulipeleka shule, yai ni la jioni. Kuna chakula cha nyumbani na kuna chakula cha mbele za watu, mtoto anaijua hiyo tofauti kabla yetu.

Mama_Wanne
+1 hiyo ya mbele za watu. Wangu samaki nyumbani anakula mpaka mifupa, shule hataki hata kumsikia

MwalimuWaChekechea
Acha niseme nachokiona kila siku. Sisi muda wa kula ni dakika 20, humo humo wananawa mikono, wanatafuta begi, wanafungua, wanasimuliana, kwa hiyo mtoto anabaki na kama dakika 12 za kutafuna kweli. Mzazi anafunga sahani ya mtu mzima, mtoto akiiona anakata tamaa kabla hajaanza. Fungeni kidogo. Nyama ikatwe nyumbani, chungwa limenywe nyumbani, ndizi ichanwe kidogo kule juu ili amalizie mwenyewe. Na wale wadogo wa chini ya miaka mitano zabibu mbichi msiwawekee nzima, zikateni vipande vinne kwa urefu, ukubwa wake ni wa kuziba koo kabisa. Mama Kitindamimba zoezi ulilofanya leo ningependa kila mzazi alifanye wiki moja kabla shule haijafunguliwa, na umfundishe na sentensi ya kusema, mwalimu naomba unisaidie kufungua, airudie mpaka imkae mdomoni.

Kaka_Mkweli
Mnawadekeza. Mtoto akiwa na njaa kweli atafungua hata bati. Sisi tulibeba kiporo kwenye mfuko tukala na tukasoma, leo karoti zinakatwa nyota.

Mama_Wanne
Kaka Mkweli umesoma alichoandika mwenzio? Mtoto ALIKUWA na njaa. Wiki tatu.

Kaka_Mkweli
Nimesoma dada, kifuniko sawa nimekubali, naongelea hizo nyota.

Nesi_wa_Zamu
Kaka mimi nyota sina shida nazo, nina shida na hicho kiporo. Tena wali hasa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kupikwa, wali ukilala mezani usiku kucha zinaamka zinazaliana na zinaacha sumu, na sumu hiyo ukiupasha asubuhi haiondoki hata uchemke vipi. Anatapika ndani ya masaa machache mnasema kala uchafu shuleni. Kama ni wali wa jana uwe uliingia kwenye friji mapema, usikae nje zaidi ya masaa 2, asubuhi upashe mpaka utoke mvuke kote ndo ufunge. Na ile chupa au hotipoti ijaze kwanza maji yanayochemka, funga dakika 5 hivi, mwaga, ndo utie chakula. Ukitia chakula cha moto kwenye chombo cha baridi chombo ndo kinaanza kula joto. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi kiwe baridi kweli, chupa ya maji igandishe usiku uilaze kando ya kontena, mchana yatakuwa yameyeyuka anakunywa.

Kaka_Mkweli
Nimekula kiporo miaka 40 nesi wangu sijafa

Nesi_wa_Zamu
Na mimi nimewatundikia dripu waliosema hivyo hivyo, kaka yangu.

BibiJikoni
Wanangu msigombane. Mkate unaorudi umelowa ni kwa sababu ya nyanya, paka siagi mpaka kingoni kwanza, maji hayapiti kwenye mafuta. Au nyanya ifunge pembeni apachike mwenyewe. Wajukuu zangu wanapenda kupachika.

Mama_wa_Karanga
Nimesoma kimya kimya tangu juzi nikawa nasita, ila kwa hii mada ya chakula ambacho mtoto hakili nimeshindwa kunyamaza. Mwanangu ana mzio mkali wa karanga. Shule wanajua, sindano mbili za adrenalini ziko ofisini, kila kitu kiko kwenye karatasi. Siku hiyo nilichelewa kuamka nikamfungia viazi vya kuchemsha vilivyobaki, vikavu, nilijua kabisa havipendi nikajisemea siku moja tu. Mwenzake alikuwa na mkate wa siagi ya karanga, wakabadilishana. Aliuma mara mbili. Midomo ikaanza kuvimba, akakohoa, sauti ikakauka, mwalimu akadhani amepaliwa akampa maji, dakika zinakwenda. Aliyeokoa ni kale kamtoto kalikobadilishana naye, kakaanza kulia kanasema yeye haruhusiwi karanga, nimempa mimi nimempa mimi. Ndo mwalimu akakimbia ofisini, sindano ikachomwa kwenye paja juu ya sare, akapelekwa hospitali. Mimi nilifika nikamkuta amekaa kitandani macho yamebaki mistari miwili, ananiambia mama viazi vilikuwa vinakwama. Walimzuia mpaka usiku kwa sababu dalili zinaweza kurudi hata zikishaisha. Ni mwaka wa tatu huu na bado nikisikia harufu ya viazi vinachemka mikono inatetemeka. Watu wanasema kosa la mwenzake, la mwalimu, mimi najua alibadilisha kwa sababu changu hakikulika.

Shangazi_Mpole
Mungu wangu. Nimeishiwa maneno.

Baba_Pacha
Dada usijibebeshe. Viazi si sumu. Kila mzazi hapa ameshafunga kitu kwa haraka.

Mama_Wanne
Ndo maana nasema karanga zipigwe marufuku shule zote.

Mzazi_Mpya
Samahani lakini kwa wengine ndo protini pekee anayokubali mtoto, nikiondoa karanga anabaki na mkate mtupu. Si bora wafundishwe kutobadilishana?

Mama_Wanne
Mtoto wa miaka 6 umfundishe asibadilishane? Wewe unaye kweli au unakisia?

Mama_wa_Karanga
Msigombane kwa ajili yangu. Ambaye darasa la mwanawe lina mtoto wa hivyo atoe taarifa tu akifunga karanga na mtoto anawishwe mikono, hiyo inanitosha. Na mjue sindano ilipo, hilo ndo naomba.

Mzazi_Mpya
Sawa dada, pole na asante. Ila swali la mwanzo limepotea. Mnamshirikisha mtoto kuchagua au la? Wa kwangu nikimuuliza anataka biskuti.

Baba_Pacha
Usimuulize unataka nini. Muulize ndizi au embe. Yote mawili umeshayakubali wewe.

BibiJikoni
Mimi simuulizi mtu, naweka.

MwalimuWaChekechea
Na chakula kigeni kisianzie shule. Mtoto anaweza kuhitaji kukiona hata mara 10 au 15 ndo akikubali, hizo mara zote zifanyieni nyumbani. Shuleni peleka anachokijua.

MamaKitindamimba
Nimerudi na mrejesho. Nimepata kontena la kifuniko cha kubandika tu, jana usiku tumelifungua na kulifunga mpaka akachoka. Leo nimeweka mkate wa kuku vipande vinne, ndizi nimeichana juu, na karoti za kawaida bila nyota. Mkate umeliwa wote. Ndizi imeliwa. Karoti zipo zote. Nikamuuliza umeweza kufungua, akasema ndio, na la mwenzangu pia nimemfungulia, lake lina klipu.

BibiJikoni
Karoti achana nazo kwanza mwanangu.