Naomba ushauri: Niape utii kwa Mfalme ilhali naamini jamhuri?

Mswahili_Ughaibuni: Wanajukwaa, asalaam aleikum. Mimi ni Mkenya wa Mombasa ninayeishi Uingereza, na ombi langu la uraia limekubaliwa. Kilichobaki ni hafla ya halmashauri, ambapo nitatakiwa kuapa kwamba nitakuwa mwaminifu na mtiifu kwa Mfalme Charles wa Tatu, warithi wake na watakaomfuata, kwa mujibu wa sheria. Hapo kwenye warithi ndipo roho yangu inaposita, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba ukuu wa nchi haufai kurithiwa kama shamba la minazi, hasa katika taifa ambalo hata diwani huchaguliwa kwa kura. Je, nikitamka maneno hayo nitakuwa nimekula kiapo cha uongo? Naomba majibu ya uzito.

Bint_Makadara: Ndugu yangu, asiyetaka kuapa kwa jina la Mungu anaruhusiwa kutoa tamko tu, lakini Mfalme anatajwa kote kuwili, kwa hiyo njia hiyo haikusaidii. Shika maneno ya mwisho: kwa mujibu wa sheria. Urithi wenyewe uko chini ya Bunge, ambalo mwaka 2013 lilipitisha sheria ya kuondoa kanuni ya mtoto wa kiume kumtangulia dada yake.

Mzee_wa_Tudor: Mwanangu, Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mkuu wa nchi aliendelea kuwa Malkia Elizabeth, na wabunge wetu waliapa utii kwake na kwa warithi wake. Mwaka mmoja baadaye nchi ikawa jamhuri kwa kura ya Bunge lilelile, na sijapata kumsikia mtu akiwaita wavunja kiapo. Hata hivyo, kumbuka kwamba siku hiyo Mzee Kenyatta alikuwa mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja, na tunajua madaraka ya rais yalivyozidi kukua kwa miaka iliyofuata. Faida ya mfalme ni kwamba kiti cha heshima kina mwenyewe, na mwanasiasa hawezi kukikalia.

Wakili_Mtaani: Mzee wangu, kwa heshima zote, mwaka 2019 kiti hicho hakikuzuia lolote. Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia asitishe Bunge kwa wiki tano, naye kwa desturi hakuwa na nafasi ya kukataa, mpaka majaji 11 wa Mahakama ya Juu walipobatilisha hatua hiyo kwa kauli moja tarehe 24 Septemba. Asiyechaguliwa na mtu hathubutu kumkatalia aliyechaguliwa, na hapo ndipo udhaifu wa ufalme ulipo. Ireland ina rais wa kuchaguliwa asiyeendesha serikali, lakini anaweza kuupeleka muswada Mahakama ya Juu kabla ya kuutia saini, na hivyo faida anayoisema Mzee inapatikana bila ukoo wa kifalme.

Mswahili_Ughaibuni: Nawashukuru sana. Nitaapa, tena kwa jina la Mungu, kwa kuwa sasa naona ninachoahidi ni kuitii sheria ya nchi hii hadi itakapobadilishwa kwa njia ya sheria. Mbunge wa jimbo langu ameapa utii huohuo, nami nitamwandikia kumuuliza anauonaje mfano wa Ireland.